Simu Haitembei kwa Niaba Yako



Mama mmoja alitusimamisha nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Alifungua mkoba wake, akatoa simu na kutuonyesha. Mwanawe anayefanya kazi mjini alikuwa amemwekea humo programu ya kuhesabu hatua. "Kila jioni inaniambia nimetembea hatua elfu mbili na kitu," alisema, "na kila jioni inaniambia sijafikia lengo. Sasa ninyi wa ukurasa wa afya, hebu niambieni: kitu hiki kina faida, au kinanisumbua tu?"

Mama huyo ana presha. Amekwisha anza dawa, na kwenye zahanati aliambiwa apunguze chumvi na atembee kila siku. Chumvi ameipunguza. Kutembea ndiko kulikomshinda, maana anakaa dukani tangu asubuhi hadi usiku. Mdogo wake alipatwa na kiharusi, na hadi leo analishwa na kugeuzwa kitandani. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mchezo. Tuliahidi kumjibu katika ukurasa huu, tukiamini kwamba jibu litazifaa familia nyingi za parokia zetu.

ZAMANI TULITEMBEA BILA KUHESABIWA

Wazee wetu hawakuhitaji mtu wa kuwahimiza kutembea. Katekista alikwenda kigangoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Akina mama walikwenda kisimani, shambani, mashineni kusaga, na Jumapili kanisani, yote kwa miguu. Wapo wengi vijijini ambao bado wanaishi hivyo. Ukurasa huu hauwaambii hao waongeze kazi juu ya kazi. Mwili wao unapata mwendo wa kutosha, na pengine kinachopungua ni mapumziko.

Lakini maisha ya wengi wetu yamebadilika. Bodaboda inatuchukua mlangoni na kutushusha mlangoni. Kazi zetu ni za kukaa: dukani, ofisini, kwenye cherehani, kwenye usukani. Jioni tunakaa tena kutazama televisheni au hiyo hiyo simu. Chakula nacho hatujakipunguza. Tunakula sahani ya mtu aliyeshinda na jembe, ilhali tumeshinda kitini.

Matokeo yake tunayaona. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 1.8, yaani 31 katika kila 100, hawakuushughulisha mwili kiasi cha kutosha. Presha na kisukari havipigi hodi. Mtu hujisikia mzima mpaka siku anapoanguka.

Kwamba kukaa sana kunauumiza moyo si habari mpya. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye usukani siku nzima. Kondakta, katika basi lile lile, alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ilionekana kwamba madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, na walipopatwa, wengi zaidi walikufa. Dereva wa daladala anayesoma haya na atafakari.

MWILI UNAHITAJI KIASI GANI?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima aushughulishe mwili kwa mwendo wa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kiwango cha chini ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Anayefanya mazoezi ya nguvu, kama kukimbia, atosheke na nusu ya muda huo. Aidha, mara mbili kwa wiki tufanye kazi au mazoezi ya kuimarisha misuli.

Si lazima nusu saa hiyo iwe ya mfululizo. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni zinahesabika. Kulima, kufua kwa mikono, kubeba maji, kudeki na kuchanja kuni ni kazi za mwili vile vile, wala si lazima mtu avae raba ndipo aambiwe amefanya mazoezi.

Mwendo wa wastani tutautambuaje? Kipimo chake ni rahisi: unapotembea unaweza kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatika. Yaani unaweza kusali Rozari kwa sauti, lakini wimbo wa kwaya hauendi. Kwa watu wazima wengi mwendo huo ni kama hatua 100 kwa dakika. Basi dakika kumi ni hatua 1,000 hivi, na nusu saa ni hatua 3,000.

SIMU INAJUAJE KWAMBA UNATEMBEA?

Wapo wanaodhani kwamba kuna mtu anayewatazama kutoka angani. La hasha. Ndani ya simu hizi kubwa za kugusa mna kifaa kidogo kuliko punje ya mahindi ambacho kazi yake ni kuhisi mtikisiko na mkao wa simu. Ndicho hicho hicho kinachogeuza picha unapoilaza simu. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kwa mpigo unaofuatana. Programu huusoma mpigo huo na kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Ukielewa hivyo utaelewa pia makosa yake. Ukiiacha simu mezani ukaenda sokoni, haitahesabu kitu. Akina mama wengi huvaa kanga au kitenge kisicho na mfuko, na simu hubaki kabatini. Hesabu yao huwa ndogo kuliko ukweli. Bodaboda ikipita njia ya mashimo, simu inaweza kudhani unatembea ikaongeza hatua za bure. Na anayelima kwa jembe amesimama mahali pamoja hutoka jasho saa nzima, simu ikaandika hatua chache tu. Basi tusimwambie mkulima kwamba ni mvivu kwa sababu simu imesema hivyo.

Jambo jingine linaloulizwa ni gharama. Simu nyingi zinauzwa zikiwa na programu ya afya ndani yake tayari. Kama haimo, utatumia bando mara moja kuichukua. Baada ya hapo kuhesabu hatua hakuhitaji bando. Kinachomaliza betri upesi ni ile sehemu ya kuchora njia uliyopita kwenye ramani. Kwa kuhesabu hatua tu huihitaji, izime.

JE, INASAIDIA KWELI?

Wataalamu wamelipima jambo hili mara nyingi. Mwaka 2007, kabla simu hizi hazijaenea, ulichapishwa Marekani muhtasari wa tafiti 26 juu ya watu waliovaa kiunoni kifaa kidogo cha kuhesabu hatua. Watu hao waliongeza mwendo wao kwa karibu robo ya ule waliokuwa nao mwanzo. Lakini kuna jambo moja la kuzingatia: waliofaidi hasa ni wale waliokuwa na lengo la idadi ya hatua. Kuvaa kifaa tu bila lengo hakukuwasaidia sana.

Mwaka 2021 ulitoka muhtasari mwingine, safari hii juu ya programu za simu na vifaa vya kuvaa mkononi. Ulikusanya tafiti 28 zenye watu wazima zaidi ya 7,000. Kwa wastani waliotumia vitu hivyo walitembea hatua 1,850 zaidi kwa siku kuliko wasiotumia. Ilionekana pia kwamba programu zilizomtumia mtu ujumbe wa kumkumbusha, na zile zilizofuata hali ya mtu mwenyewe, zilisaidia zaidi.

Hatua 1,850 ni mwendo wa dakika kumi na nane hivi, karibu muda wa kusali Rozari ya matendo matano. Si jambo kubwa, lakini likifanyika kila siku ni zaidi ya saa mbili kwa wiki. Tuseme ukweli pia: huo ni wastani. Wapo walioongeza zaidi, na wapo wasioongeza hata moja.

Kwa nini hesabu tu imfanye mtu atembee? Yule mama wa dukani analijua jibu kuliko sisi. Mwenye duka asiye na daftari hujidhania anapata faida, kwa sababu anaona watu wakiingia na kutoka. Siku akiandika mauzo na matumizi ndipo anagundua kuwa anakula mtaji. Ndivyo ilivyo kwa mwili. Karibu kila mmoja wetu anasema, "Mimi nashinda nazunguka." Simu ni daftari. Haikuletei faida, bali inakuonyesha ulipo.

HATUA ELFU KUMI ZIMETOKA WAPI?

Programu nyingi humwambia kila mtu atembee hatua 10,000 kwa siku. Wengi wanadhani idadi hiyo ilitoka maabara. Sivyo. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita "manpo-kei", maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia, na idadi ni rahisi kukumbuka. Imebaki hivyo hadi leo.

Tafiti za baadaye zinatoa picha yenye matumaini zaidi. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa, kwa asilimia 41, kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kukua hadi karibu hatua 7,500, kisha haikuongezeka tena. Mwaka 2025 muhtasari wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba watu wazima waliotembea hatua 7,000 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa, kwa asilimia 47, kuliko waliotembea 2,000. Bila shaka wenye afya njema hutembea zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti hiyo yote haikuletwa na kutembea peke yake. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule: faida kubwa anaipata yule anayetoka kwenye kidogo sana na kuongeza kidogo.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Lengo ambalo yule mama alishindwa kulifikia kila jioni liliwekwa na mtu asiyemjua. Hajui kama ana miaka 30 au 60, hajui goti lake, wala hajui duka lake linafunguliwa saa ngapi. Mtu akiambiwa kila siku kwamba ameshindwa, mwishowe ataizima simu na kurudi kitini. Lengo zuri huanzia pale ulipo wewe.

NAMNA YA KUANZA: WIKI NNE

Wiki ya kwanza: Pima tu. Usibadili chochote katika maisha yako. Beba simu mfukoni, au ifunge kiunoni ndani ya kipochi kidogo, tangu unapoamka hadi unapolala. Kila jioni andika idadi ya hatua. Mwisho wa wiki jumlisha zote, ugawe kwa saba. Huo ndio wastani wako. Usiuonee aibu.

Wiki ya pili: Ongeza hatua 1,000 juu ya wastani huo, basi. Ingia kwenye programu, futa lile lengo la 10,000, uandike lako. Kama wastani wako ni 2,300, lengo lako ni 3,300. Chagua saa maalumu, maana kisicho na saa hakifanyiki. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako, au nenda Misa ya asubuhi kwa miguu. Anayefunga duka mchana atembee dakika kumi kabla ya kula.

Wiki ya tatu: Ongeza hatua 500 hadi 1,000 nyingine. Kadhalika anza kukivunja kikao: kila baada ya saa moja simama, nenda mlangoni, rudi. Unaweza kuiamuru simu ikukumbushe kwa mlio. Wenye kazi za kukaa wafanye pia zoezi hili la misuli mara mbili kwa wiki: kaa kwenye kiti imara, simama bila kutumia mikono, kaa tena, mara kumi.

Wiki ya nne: Usiongeze kitu. Shikilia ulipofika. Tazama ule mchoro wa siku zilizopita unaoonyeshwa na programu. Utaona siku nzuri na siku mbaya. Jiulize siku mbaya zilikuwa na nini: mvua? wageni? mkutano? Baada ya hapo endelea kuongeza polepole hadi utakapoona nusu saa ya mwendo wa wastani imekuwa sehemu ya siku yako.

SISI WENYEWE TULIVYOJARIBU

Si vizuri kuwahubiria wengine jambo ambalo hatujalionja. Sisi tunaoandaa ukurasa huu tu watu wanne, na kabla ya kuandika tulifuata mpango huo kwa wiki nne.

Wiki ya kwanza ilitunyenyekeza. Mwenzetu anayechapa makala, ambaye siku zote anajisifu kuwa hatulii, hakufikisha hatua 3,000 hata siku moja. Mwenzetu mwingine anafuga nguruwe na kulima bustani kabla ya kuja kazini. Yeye alikuwa na hatua nyingi kuliko sisi watatu bila kufikiria habari ya mazoezi. Hapo tulielewa kwa nini yeye hupanda ngazi za ofisi akiendelea kuongea, na sisi tunasimama katikati kujifanya tunatafuta funguo.

Wiki ya tatu mmoja wetu alipata msiba. Alikaa matangani siku tano, na simu ikaendelea kumwambia kila jioni kwamba yuko nyuma. Alikasirika, akakizima kile kikumbusho. Tuliona ana haki. Mashine haijui kuomboleza. Baada ya mazishi hakuirudia kwa sababu ya simu. Aliirudia kwa sababu mwenzake alimpitia nyumbani jioni akamwambia, "Twende mpaka pale darajani, turudi."

Mwisho wa wiki nne watatu kati yetu tulikuwa tumeongeza mwendo. Hakuna aliyefika 10,000 isipokuwa mfuga nguruwe. Lakini ngazi za ofisi sasa tunazipanda bila kutafuta funguo.

TUTEMBEE PAMOJA

Kisa hicho cha darajani ni funzo kwa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Ujumbe wa mashine husaidia kidogo. Ujumbe wa mtu anayekujua husaidia zaidi. Jumuiya nyingi zina kundi la WhatsApp la kutangaziana sala na michango. Humo humo watu wawili watatu wanaweza kupatana: leo saa kumi na moja na nusu tunatembea, nani yupo? Nyumba ya sala ya wiki ikiwa karibu, twendeni kwa miguu. Anayetaka kusali anapotembea, asali Rozari.

Vijana wa VIWAWA wana nafasi yao hapa. Wazee wengi wana simu kubwa walizoletewa na watoto wao, lakini hawajui kubadilisha lengo wala kuzima vikumbusho. Kijana akikaa na bibi yake robo saa akamtengenezea, amefanya tendo la huruma.

Tuangalie tu isigeuke kuwa mashindano. Tumewahi kuona kundi ambamo kila jioni mmoja anaweka picha ya hatua zake 15,000, na mwenye hatua 2,000 ananyamaza, kisha anajitoa. Mwenye miguu mizuri amshukuru Mungu na amsubiri mwenye goti bovu. Swali la kuulizana si "Umefikisha ngapi?" bali "Leo umetoka?"

MAMBO YA KUJIHADHARI

1. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya kifua, au anayekosa pumzi kwa kazi ndogo, aende kwanza zahanati au hospitali kabla ya kuanza. Ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu au moyo kwenda mbio isivyo kawaida, simama, uombe msaada.

2. Usiache dawa. Kutembea husaidia kushusha presha na sukari, lakini hakuchukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa. Ni mganga wako tu atakayesema zipunguzwe.

3. Mwenye kisukari avae viatu vinavyomtosha, akague nyayo zake kila jioni, na kama anatumia sindano au vidonge vya kushusha sukari, abebe kitu kitamu mfukoni.

4. Mama mjamzito asiyekatazwa na mkunga au daktari anaweza kutembea, na kutembea ni kuzuri kwake.

5. Usipime presha kwa kidole juu ya simu. Zipo programu zinazodai kufanya hivyo. Programu moja ya aina hiyo ilichunguzwa na wataalamu wa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: karibu watu wanne kati ya watano waliokuwa na presha ya juu waliambiwa kwamba hawana. Presha hupimwa kwa mkanda wa kufunga mkononi. Nenda zahanati.

6. Linda siri zako. Programu ya kuhesabu hatua haina haja ya kusoma ujumbe wako, majina ya watu wako wala picha zako. Ikiomba, ikatalie. Usitangaze kwa watu usiowajua njia unayopita kila siku na saa zako. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyochapishwa na programu ya Strava ilikuwa imefichua njia za kukimbilia za askari ndani ya kambi zao. Ikiwa hata askari walijisahau, sisi je? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.

7. Jihadhari na programu zinazoahidi kukulipa kwa kila hatua, hasa zikikutaka uweke fedha kwanza au utoe namba ya siri ya simu yako. Afya yako ndiyo malipo.

8. Barabarani simu ikae mfukoni. Anayetembea akitazama simu haoni shimo wala pikipiki, naye mwizi anamwona. Akina mama watembee wawili au zaidi, na wakati wa mwanga.

ASIYE NA SIMU KUBWA

Familia nyingi zina simu ndogo ya kitochi, au hazina kabisa. Hazijakosa kitu kikubwa. Saa ya ukutani inatosha: toka, tembea dakika kumi na tano upande mmoja, rudi. Hiyo ni nusu saa, sawa na hatua 3,000 hivi. Kata kalenda ya zamani, uibandike mlangoni, na kila siku uliyotembea tia alama ya msalaba. Simu ya kitochi nayo ina kengele ya kukumbusha, na inaweza kumtumia jirani ujumbe mfupi: "Uko tayari?" Mambo matatu yaliyosaidia watu katika tafiti tulizozitaja, yaani kujua kipimo chako, kuwa na lengo na kukumbushwa, yote yanapatikana hapo.

JIBU LETU KWA MAMA

Basi mama yetu, uliyetuuliza nje ya kanisa, jibu letu ni hili. Kitu hicho kina faida, ila kimewekewa lengo lisilo lako. Mwambie mjukuu wako alifute lile la elfu kumi, aandike elfu tatu. Duka lako lina mteja wachache saa nane mchana. Mwachie binti kwa robo saa, uzunguke kanisa na shule na kurudi. Ukilizoea hilo kwa wiki mbili, ongeza. Dawa zako endelea nazo, na kila mwezi presha ipimwe kwa mkanda. Na siku simu itakapokuambia hujafikia lengo ilhali umeshinda ukimuuguza mdogo wako, uzime mlio huo bila wasiwasi. Siku hiyo umefanya kazi ambayo hakuna programu inayoihesabu.

Kwetu sote: mwili ni zawadi ya Mungu, na wako wanaotutegemea tuwe na nguvu. Simu inaweza kuhesabu, inaweza kukumbusha, inaweza hata kutupongeza. Kunyanyuka kitini kumebaki kuwa kazi yetu.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia chumvi katika mboga zetu na jinsi ya kuipunguza bila chakula kupoteza ladha. Wenye maswali wayaandike na kuyaacha kwenye ofisi ya parokia. Tuzidi kuombeana.